Mama wa Kemikali na Wabebaji Wake

Kawangware ilikuwa na maduka kadhaa ya kemikali, lakini ukisema "mama wa kemikali" hakuna aliyekuuliza yupi. Duka lake lilikuwa upande wa chini wa soko, kati ya fundi viatu na kinyozi. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye mitungi ya plastiki iliyopangwa kwa rangi, na harufu iliyokupokea kabla hujafika mlangoni. Aliuza kostiki na vitu vingine vya kutengenezea sabuni, asidi ya betri, spiriti, rangi na manukato. Wateja wake wengi hawakuwa Kawangware. Walikuwa Kibera: akina mama wa kijiji cha Lindi waliochanganya sabuni ya maji kwenye ndoo na kuiuza kwa chupa, mafundi wa betri wa Kambi Muru, na wenye vyoo vya kulipia kule kijiji cha Raila waliohitaji dawa za kusafishia.

Mimi nilikuwa na mkokoteni. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuvuta mizigo hiyo kutoka kwake hadi kwao. Nilipanda barabara ya Naivasha, nikavuka Ngong Road, kisha nikaanza kuteremka Kibera nikiwa nimeegemea nyuma kwa uzito wangu wote ili mkokoteni usinishinde nguvu.

Alikotoka sikuwahi kumuuliza, naye hakuwa mtu wa kujieleza. Ninachoweza kusema ni jinsi alivyokuwa.

Siku ya kwanza alinifukuza. Nilikuwa nimesikia kuna mama ana mizigo ya Kibera na anatafuta mtu, nikaenda mbio na mkokoteni ukiwa tayari na bandali za unga wa duka moja la Lindi. Niliona nimefanya akili, safari moja mizigo miwili. Akatoka nje akijipangusa mikono kwenye aproni, akautazama ule unga, kisha akanitazama mimi.

"Huo unga unaliwa na nani?" akauliza.

Nikamwambia sijui, watu tu.

"Basi nenda uwapelekee. Ukirudi na mkoko ukiwa mtupu, tutaongea."

Niliondoka nikiwa na hasira. Njia nzima nilimtukana moyoni. Kesho yake nikarudi, kwa sababu mizigo ilikuwa haba na nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga, Nafula wangu. Mkokoteni ulikuwa mtupu na nilikuwa nimeupiga maji. Akauzunguka, akaingiza kidole kwenye nyufa za mbao, akatoa chembe ya unga iliyobaki, akaipuliza. Halafu akaniletea kikombe cha chai na kuanza kunieleza nitakachobeba, polepole, kana kwamba siku nzima ilikuwa yetu.

Hivyo ndivyo alivyokuwa na kila mbebaji. Hakukupa mzigo bila maneno. Kwanza alikuambia jina la mzigo, kisha akakuambia mzigo huo unafanya nini: huu unakula ngozi, huu unakula chuma, huu haupendi moto, huu usiukaribishe maji. Halafu ulikuja ule mtihani wake wa kugeuza. Aliufunga mtungi kwa nguvu zake zote, akaupindua kifudifudi juu ya kipande cha katoni kikavu, akauacha hapo mnapokunywa chai. Chai ikiisha, aliuinua na kukuonyesha katoni. Kama ilikuwa na hata tone, mtungi huo haukutoka siku hiyo. Kama ilikuwa kavu, alikulazimisha uiguse kwa vidole vyako mwenyewe.

"Umeona iko kavu?"

"Nimeona."

"Kifuniko kikifunguka chenyewe njiani, hiyo ni mimi. Ukiuangusha, hiyo ni wewe. Tumeelewana?"

Wengine walimcheka. Kulikuwa na vijana wa bodaboda waliomwambia, mathe, sisi tunabeba tu, hizo hadithi peleka shule. Hakubishana nao. Aliwapa chai hata hivyo, wakamaliza, wakaondoka bila mzigo.

Wateja wengi wa kule walizungumza lugha za kwao zaidi kuliko kusoma maandishi madogo ya kibandiko, na yeye alilijua hilo. Kwa hiyo alichora. Kwa kalamu nene nyeusi alichora kwenye kila mtungi mkono wenye tundu katikati ya kiganja, au moto, au jicho linalolia. Upande wa juu alichora mshale ili usiulaze. Hakuwa na kipaji. Jicho lake lilifanana na samaki, na mama mmoja wa Lindi alikaa muda mrefu akidhani kwamba dawa yenye picha ya samaki ni dawa ya kuondoa harufu ya omena kwenye sufuria. Bahati njema alimpigia simu kwanza kuuliza. Mama wa kemikali alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alianza kuchora jicho na nyusi.

Watu wanaomkumbuka kwa ukali wake hawakumwona akila. Mtu huyu aliyefunga asidi kama anamvisha mtoto wa shule alishindwa kabisa kufunga chakula chake. Kila siku alikuja na supu ya maharagwe kwenye kibakuli ambacho kifuniko chake kilikuwa cha kibakuli kingine. Kila siku mkoba wake uliloa. Simu yake ilinuka maharagwe. Biblia yake ndogo ilikuwa na kurasa zilizoshikana. Fundi viatu wa jirani alimwambia mara moja ajaribu kugeuza kibakuli juu ya katoni, naye akamjibu kwamba supu haijawahi kutoboa mtu mguu.

Barabarani naye alikuwa wa kuombewa. Alivuka bila kutazama, akiinua tu mkono mmoja kuyazuia magari, na magari kweli yalisimama. Alipopanda bodaboda alikataa kofia ya kichwani kwa sababu ilimharibia nywele. Nilimwuliza inakuwaje mimi nifunge kamba tatu kwa mtungi mmoja na yeye kichwa chake akiache wazi. Alifikiri kidogo.

"Mtungi ni wa wenyewe," akasema. "Kichwa ni changu."

Alikuwa mkaidi, na ukaidi huo ulimfukuzia wateja. Kubwa lililowaudhi ni chupa za soda. Mtu alikuja na chupa tupu ya soda akitaka kostiki kidogo ya kuzibulia bomba. Akamkatalia. Alimwambia alete chombo ambacho hakuna mtu atakayekikosea kwa kinywaji, au yeye amuuzie kimoja chake. Mtu akaudhika, akaenda duka la tatu kutoka hapo, akawekewa ndani ya ile ile chupa ya soda bila swali. Niliyaona hayo mara nyingi sana. Niliwahi pia kusikia watu wakinong'ona kwamba lazima alifiwa na mtoto aliyekunywa kitu, ndiyo maana yuko hivyo. Siku moja tukiwa wawili nikamwuliza taratibu, nikiogopa jibu.

Akashangaa. "Hakuna mtu wangu aliyeumia," akasema. "Kwani lazima mtu wangu aumie ndio niwe na akili?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi kuliko mahubiri yoyote niliyosikia.

Nisimfanye mtakatifu. Kuna siku nilifika kwa fundi wa betri Kambi Muru, tukakuta mtungi mmoja umelowa pembeni na mbao za mkokoteni zimeanza kuwa nyeusi. Nilikuwa sijauangusha wala kuulaza. Niliporudi na kumwambia, alibadilika uso. Akasema nimekimbia kwenye mteremko. Nikasema sikukimbia. Akasema nimeufunga vibaya. Nikamwambia kamba bado ziko vile vile, aje atazame. Hakuja. Alinipa mgongo akaendelea kupima manukato kwa mteja, na nikakaa kwenye ngazi nikiwa nimeamua kwamba sitarudi tena kwa mama huyu mwenye sheria za watu wengine tu.

Mteja alipoondoka, aliuchukua ule mtungi niliourudisha, ambao fundi alikuwa ameshaumimina na kuusuuza. Akaujaza maji, akaufunga kwa nguvu, akaupindua juu ya katoni. Hatukunywa chai. Tulitazama tu. Katoni ikaanza kuloa duara dogo, kisha duara kubwa. Asubuhi ilikuwa kavu, niliigusa mwenyewe. Lakini kifuniko kilikuwa na ufa mwembamba ambao ulihitaji mtikiso ili ufunguke, na mitungi hiyo alikuwa ameinunua kwa mtu mpya kwa sababu ilikuwa rahisi.

Hakusema pole hapo hapo. Aliingia ndani, akatoka na ndoo ya maji na brashi, akapiga magoti kwenye vumbi akausugua mkokoteni wangu ubao kwa ubao, akimwaga maji na kurudia. Kinyozi alitoka kutazama. Wateja walisimama wakangoja. Alipomaliza alinyanyuka akishika kiuno.

"Baba Nafula, hiyo ilikuwa ya kwangu," akasema. "Nimekusingizia."

Mitungi yote ya yule mtu mpya aliitoboa kwa msumari ili asije mtu mwingine akaitumia, akaikalia hasara. Baada ya hapo tukawa marafiki.

Sasa niwaambie kuhusu moto wa Kambi Muru, kwa sababu ndio uliowafanya watu wote wamjue, hata wasionunua kwake.

Siku hiyo sikuwa na mzigo wake. Nilikuwa nimepata kazi ya kuhamisha. Mama Atieno, mama mmoja aliyekuwa akifua nguo za watu huko Kawangware, alikuwa amepata chumba cha bei nafuu Kambi Muru, na nilikuwa nimebeba maisha yake yote: godoro, mablanketi, sufuria, nguo za watoto. Yeye alitembea kando yangu akiwa na mtoto mdogo mgongoni, wakubwa wakiwa shuleni. Tulipopita karibu na duka la dawa za maji, lile linalouza vitu vya kusafishia visima na matangi, mwenye duka akanisimamisha. Alikuwa na katoni ya kwenda kwa mtu Kibera. Nikamwuliza ndani kuna nini. Kwa wakati huo nilikuwa nimeshazoea kuuliza, sikuweza kushika kitu bila kuuliza. Akasema biskuti. Na kweli katoni ilikuwa imeandikwa biskuti kila upande, na picha ya mtoto anayetabasamu. Mama Atieno akasema haina shida. Nikaiweka juu ya godoro, nikafunga kamba.

Mvua ilitushika tukiwa tumeshaanza kuteremka. Haikuwa kubwa. Nilivuta karatasi ya plastiki nikafunika, lakini katoni ilikuwa imekaa pembeni na ikaloa kona. Kabla hatujafika kwenye nyumba za kwanza za Kambi Muru, nilisikia harufu kali iliyonishika koo, macho yakaanza kutoa machozi. Nilipogeuka, moshi mweupe ulikuwa unatoka chini ya plastiki. Katoni ilikuwa imepasuka kona, na unga mweupe ulikuwa unamwagika kwenye godoro, na pale ulipomwagika sponji ilikuwa inakunjamana na kuwa kahawia.

Nilimsukuma Mama Atieno na mtoto mbali. Niliishika katoni kwa mikono nikaitupa kwenye uwazi kando ya njia, na ule unga uliolowa ukanishika viganja na vidole. Watu wakatoka wakipiga kelele za moto. Mtu yeyote anayeishi Kibera anajua neno moto linafanya nini mahali ambapo ukuta wa mwenzako ndio ukuta wako. Wanaume wakalivuta godoro mpaka kwenye uwazi, likawaka huko peke yake, pamoja na mablanketi na nguo za watoto. Nyumba haikuungua hata moja. Lakini watu walikuwa wameogopa, na watu walioogopa wanatafuta wa kumshika. Wakanishika mimi na mkokoteni wangu.

Tulipelekwa chini ya baraza la kanisa la mabati, mzee wa kijiji akakaa kwenye benchi. Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja alikuwa ameshasema, hiki ni kitu cha yule mama wa kemikali, huyu ndiye mtu wake. Wengine wakaitikia. Wakasema mkokoteni utachomwa na yule mama asitume tena chochote upande huu. Niliomba mtu anipigie simu kwake, kwa sababu vidole vyangu havikuweza.

Alikuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia, matope hadi magotini, kiatu kimoja kimekwisha. Sikujua kama angekuja. Mzigo haukuwa wake na mvua ilikuwa bado inanyesha. Akapenya katikati ya watu bila kusalimia mtu.

"Nani ameumia?" akauliza.

Nikamwonyesha mikono. Akaomba beseni na maji safi, mengi, na mwenye kanisa akaleta. Akaitia mikono yangu ndani akaishikilia humo, akawa anamwaga maji na kuomba mengine. Mzee wa kijiji akamwuliza kama mzigo ule ni wake. Akasema si wake, ila wasubiri kwanza. Mtu mmoja nyuma akasema kama si wake basi aende nyumbani, awaachie wamalizane na huyu.

"Ningekuwa wa kwenda nyumbani nisingekuja," akasema bila kuinua kichwa.

Alisema yote aliyotaka kusema akiwa amechutama hapo, mikono yake ikiwa ndani ya beseni pamoja na yangu. Aliwaambia kwamba ananijua, kwamba sibebi kitu bila kuuliza. Akaniuliza mbele yao niliuliza nini na nilijibiwa nini, nikaeleza. Akamwuliza Mama Atieno kama alisikia, naye, aliyekuwa amepoteza kila kitu mchana huo na angeweza kunilaumu bila mtu kumkosoa, akasema alisikia kwa masikio yake: biskuti. Watu wakatulia. Mzee wa kijiji akauliza basi nani wa kuulizwa. Mama wa kemikali akasema kesho asubuhi wataenda kumuuliza pamoja, na kwamba usiku huo Mama Atieno na watoto watalala kwake Kawangware.

Asubuhi tulisimama mbele ya duka la dawa za maji: yeye, Mama Atieno, mimi nikiwa nimefungwa vitambaa mikono yote, na wavuta mikokoteni wenzangu. Sikumwona akipaza sauti. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu, aliyekuwa akifagia mlango wake. Alipotuona akaacha kufagia. Akaanza kusema kwamba amesikia na anasikitika, lakini mzigo ukishatoka mlangoni kwake unakuwa wa mbebaji.

"Alikuuliza ni nini?" mama wa kemikali akamwuliza.

"Aliuliza."

"Ukamwambia nini?"

Akatazama chini. "Biskuti."

"Kwa nini?"

"Ningemwambia ni klorini, angekataa kubeba."

"Alikuwa na haki ya kukataa," akasema. "Hiyo haki ndiyo uliyomnyang'anya."

Mtu yule alikaa kwenye kiti chake akashika kichwa. Nilitegemea atabisha zaidi, au aite polisi. Badala yake akasema hakuwahi kufikiri, kwamba katoni za biskuti anaziokota tu kwa sababu ni imara, na ule mfuko wa ndani ulikuwa mwembamba na alijua ni mwembamba. Alisema hivyo mwenyewe, bila kuulizwa. Nadhani alikuwa hajalala. Kisha akamtazama Mama Atieno kwa mara ya kwanza na kumwuliza watoto wake wanavaa nguo za shule za rangi gani.

Alimrudishia kila kitu, godoro zuri kuliko la kwanza, na mimi alinilipia matibabu. Muda wote ambao sikuweza kushika kamba alikuwa anakuja mwenyewe kwangu Kibera, na mfuko wa unga na sukari mkononi, akiuliza njia, akipotea, akifika amechafuka viatu. Mke wangu alianza kwa kumnunia na akamaliza kwa kumwekea chai kabla hajafika.

Wavuta mikokoteni wa Kawangware walikutana, wakaamua hakuna kubeba kemikali ya mtu yeyote tena. Hapo duka la mama wa kemikali lingekufa, na kila mtu alijua, hasa yeye. Nilimwendea nikamwambia nitaongea nao. Akakataa nisiongee kwa niaba yake. Alienda mwenyewe kwenye steji yao, akawakuta wamekaa kwenye mikokoteni, akawaambia wako sawa kukataa.

"Ila naomba mkatae mkijua mnakataa nini," akasema.

Akawakaribisha dukani, wote waliotaka. Wakaja kwa aibu kidogo, wakasimama mlangoni, kisha wakaingia. Akawafungulia mtungi mmoja mmoja, akawaeleza kile alichokuwa akinieleza mimi miaka yote ile. Waliuliza maswali mengi kuliko nilivyotegemea. Mmoja aliuliza asidi ikimwagikia mtu anafanyaje, mwingine akauliza kipi hakitakiwi kukaa na kipi, mwingine akauliza tu bei ya manukato. Wakaamua wataendelea kubeba, kwa sharti moja kwa kila mwenye duka: utuambie ukweli, utuonyeshe kimefungwaje, na tukisema hapana usikasirike. Yule wa dawa za maji alikuwa wa kwanza kukubali. Alianza pia kuchora kwenye mizigo yake. Michoro yake ilikuwa mibaya zaidi kuliko ya mama, na mama hakumwacha asahau.

Kambi Muru wakamruhusu. Lindi wakazidi kununua kwake. Hata wale vijana wa bodaboda waliomwambia apeleke hadithi shule walianza kukaa, kunywa chai na kusikiliza.

Aliendelea na duka mpaka magoti yalipomkataa. Alimwachia mke wa mpwa wake, mwanamke mtaratibu, mwenye kibakuli kinachofunga vizuri. Mimi nilishaacha mkokoteni nikapata tuktuk, na kwa kuwa sikuwa na njia ya kupita kwake kila siku, miaka ikaenda tukiwa tunasalimiana kwa simu wakati wa Krismasi tu.

Juzi juzi nilikuwa Raila mchana, nimemshusha mteja, nikamwona. Alikuwa amekaa peke yake kwenye kibanda cha chakula karibu na njia ya reli, amevaa kitenge kipya, fimbo imeegemezwa ukutani, sahani ya githeri na parachichi mbele yake. Alikuwa amekuja kwenye chama cha akina mama fulani waliokuwa wateja wake zamani. Kikao kilikuwa kimeisha na wenzake wametangulia kwa sababu yeye, alivyosema, hakimbizwi wakati wa kula.

Nikakaa mbele yake. Akaniuliza habari za Nafula, nikamwambia ana mtoto sasa, msichana. Akafurahi sana, akataka kuona picha, akaisogeza simu mbali na macho, kisha karibu, akasema mtoto ana paji la uso la babake Nafula, masikini. Akaniuliza habari za mikono yangu. Nikamwonyesha. Ngozi ya kiganja kimoja bado ina mng'aro, lakini mkono unashika kila kitu.

Kwa miaka nilikuwa nimejipangia maneno ya kumwambia kuhusu ile siku ya kanisani, jinsi alivyokuja kwa mzigo usio wake. Sikuwahi kuyasema vizuri, tulikuwa na kazi nyingi. Nikayasema hapo, kwa kukwamakwama, watu wakipita na wenye kibanda wakisugua sufuria. Alisikiliza akiendelea kula. Nilipomaliza akawa anatenga mahindi na maharagwe kwa kijiko.

"Unajua mimi nimetuma watu wengi," akasema. "Wengine wakitoka, siku nzima niko na simu mkononi, naangalia saa, sijui kama wamefika, sijui wamefanya nini huko mbele. Wewe ukitoka nilikuwa nakusahau."

Nilidhani amemaliza. Akaniangalia kama mtu anayehakikisha kwamba ameeleweka.

"Nakusahau kabisa, Baba Nafula. Nilikuwa nafanya kazi zangu nimetulia. Hujui hilo lilikuwa jambo kubwa kiasi gani."

Kisha akaomba aongezewe chumvi. Simu yangu ikalia, mteja wa Lindi alikuwa ananisubiri nimpeleke Ngong Road. Nikamwambia atafute mwingine leo, niko na mtu, nikaagiza sahani yangu.